Marashi ya Bwana Sauti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya hiki kilitembezwa redioni asubuhi, mchana na jioni kwa koo la Bwana Sauti. Mtangazaji huyo alijifungia kwenye chumba cha kurekodia, akashusha sauti mpaka ikawa nzito kama uji wa jana, akanguruma: "Tone moja tu, na moyo uliokukimbia utarudi wenyewe." Marashi yenyewe hakuwahi hata kuyanusa. Ya nini? Kazi yake kusoma.

Kosa lilikuja baadaye. Alilisikiliza tangazo lake mara nyingi mno, garini, kwa kinyozi, bafuni, mpaka akaliamini. Fundi mitambo wa studio alimshangaa.

"Kaka, si wewe mwenyewe uliyeyasoma hayo maneno?"

"Ni mimi. Lakini sikia yalivyokaa!"

Wazimu nao una ngazi, na huyu alishafika darini.

Moyo uliomkimbia ulikuwa wa mkewe. Mke huyo alikuwa amehamia kwa mdogo wake, amechoshwa na ahadi za kesho nitawahi kurudi, kesho pombe basi, kesho utaona. Sasa alikuwa amekubali kumsikiliza kwa mara ya mwisho. Bwana Sauti akanunua chupa, akajimiminia nusu yake shingoni na kwapani, akaenda kifua mbele.

Marashi yalianza vituko kwenye ngazi za ghorofa. Chini yalinukia waridi. Katikati yakawa dawa ya kudekia. Alipofika juu, waridi lilikuwa limekata roho, imebaki harufu ya soksi zilizoanikwa siku ya mvua. Eti tone moja! Nusu chupa nzima imeshindwa kupanda ngazi.

Shemeji alifungua mlango, akaziba pua.

"Dada, mumeo huyu hapa. Sijui kapitia mtaroni."

Mke akatoka, akanusa, akacheka. Bwana Sauti akapata matumaini, maskini.

"Ndiyo yale ya redioni?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na ulivyokuwa unayasifia vile, ulishayanusa?"

Akakuna kichwa. "Kusema kweli, bado."

Kicheko kikakatika.

"Mimi nilikuwa jikoni humu, nikakusikia redioni. Nikaacha kisu, nikasimama. Maana ile ndiyo sauti unayoniombea nayo msamaha miaka yote, haikupungua hata kidogo. Nikasema, kama marashi ni ya kweli, labda na msamaha nao ni wa kweli. Ndiyo maana nikakubali uje."

Bwana Sauti aliogopa, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake. Alitaka kusema kitu chochote, hata kibovu, ilimradi kitoke moyoni. Akafungua mdomo. Sauti ikatoka nzito, laini, haina hata kikwaruzo:

"Mke wangu mpenzi..."

"Hiyohiyo," mkewe akasema, akafunga mlango.