Nani Anashika Kitambaa?

Haya mjukuu wangu, weka simu chini nikutegee kitendawili. Nina watu wawili: mmoja ana mikono, miguu hana, mwenzake ana miguu, mikono hana. Wakikaa pamoja, nguo inazaliwa. Ni nani hao? Usijibu. Mama yako na shule zake zote kilimtoa jasho, sembuse wewe.

Babu yako alikuwa fundi cherehani. Miguu ilipompooza hakufunga kazi. Mimi nilikaa kwenye kigoda ubavuni mwake nikakanyaga pedali, yeye akaongoza kitambaa kwa mikono. Akisema "twende," nakanyaga. Akisema "shii," natulia. Tulivalisha mtaa mzima hivyo.

Sasa watu wanasema amekufa. Sibishi. Mazikoni nilikuwepo, nililia, nilishikwa mabega, mambo yote ya heshima nilifanya. Lakini kufa ni kitu kimoja, na kutelekeza kazi za wateja ni kingine, na yule mzee hakuwa mtu wa visingizio. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai naingia chumba cha nyuma, nakaa, nasubiri. Akisema "twende," nakanyaga. Jioni nguo iko tayari, na pindo ni lile lile lake, lenye fundo upande wa kushoto. Mimi hata kifungo sijui kushona. Muulize yeyote.

Mama yako alipogundua, badala ya kumwamkia baba yake, akanitazama kama maziwa yaliyosahauliwa juani.

"Mama, nani anashika kitambaa?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni wa miguu."

"Na hivyo vidole vimetobolewa na nini?"

"Mbu."

"Mbu, mama? Kwenye ncha za vidole, mchana kweupe?"

"Mbu wa siku hizi hawana adabu."

Akili zangu ni timamu kabisa, ndiyo maana nilimsamehe.

Basi akaleta daktari wa akili, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, na mlangoni akasimamisha mtu wa mkokoteni. Mpango mzuri ajabu! Daktari akisema nimeharibika, cherehani inapakiwa, chumba kinatiwa kufuli, nami napelekwa kwao kukodolea televisheni mpaka nipone.

Nilimtilia daktari chai. Nikakumbuka na sukari. Mwendawazimu gani anakumbuka sukari?

"Bibi, huwa unasikia sauti?"

"Yako naisikia. Kuna ubaya?"

Akakohoa. "Naomba utuonyeshe hiyo kazi."

Tukaingia chumba cha nyuma. Nikakaa.

"Mama," binti yangu akasema, "hicho ni kiti cha baba."

Huyo ndiye mzima, eti. Kigoda changu hakijui!

Mezani palikuwa na gauni la bluu. Babu yako alimkatia yeye huyo huyo mama yako, wiki aliyougua, likabaki vipande vipande. Nikasikia "twende." Nikakanyaga. Kitambaa kikateleza chini ya sindano, taratibu, kikigeuka kwenye kona kama alivyokigeuza yeye siku zote. Daktari akaniuliza jambo. Ningemjibu, ila mdomo ulikuwa umejaa pini. Nani aliziweka, sijui.

"Shii." Nikatulia. Gauni lilikuwa zima.

Daktari akamgeukia mama yako. "Dada, wewe umetazama muda wote. Nani alikuwa anashika kitambaa?"

Mama yako akaliokota gauni, akaligeuza pindo, akapapasa lile fundo la kushoto. Huko nje mtu wa mkokoteni akapaza sauti: "Jamani, napakia au sipakii? Jua linaniua!"

Mama yako akafungua dirisha. "Nenda tu, kaka. Hakuna mzigo."

Kisha akajifuta macho kwa lile gauni, jipya hivyo, bila haya, akamtazama daktari.

"Baba," akasema. "Alikuwa anashika baba."