Ndani ya Mengineyo

Mimi ni mvivu, na uvivu wangu ndio unaonilipa mshahara. Kazi ambayo karani angeifanya wiki nzima, mimi naiandikia programu ya mistari kumi, nabonyeza, halafu naenda kuchemsha chai. Ofisi yetu ni ya makaburi. Ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ndani yake tuko wawili tu: mimi na mkuu wangu, mtu wa methali kuliko mafaili. Mtu akija kuuliza ndugu yake amezikwa wapi, mkuu ananisomea tarehe na jina, mimi natafuta, printa inatoa kikaratasi chenye kitalu, mstari na namba ya kaburi. Akikosekana, kikaratasi kinatoka na neno moja: Hakuna.

Hilo neno nililiweka mimi, na naomba nieleze nililiwekaje, maana ndilo lililonitia aibu.

Rekodi zetu zote ziliandikwa na karani mmoja aliyestaafu kabla sijaajiriwa. Tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu alimaliza kila kitu kwa nukta, hata namba ya simu. Alikaa kwenye lango la makaburi karibu miaka arobaini akiandika kwenye madaftari, na miaka yake ya mwisho kazini akayahamishia madaftari yote kwenye kompyuta, kwa vidole viwili. Hakutuachia majedwali yaliyonyooka. Kila rekodi yake ni kabati. Unafungua mlango wa kaburi, ndani kuna droo ya marehemu na droo ya maelezo. Ndani ya maelezo kuna kijisanduku alichokiita mengineyo. Na ndani ya mengineyo Mungu ndiye ajuaye. Halafu makabati yenyewe hayafanani. Hili lina droo tatu, lile kumi na moja, na jingine pale ulipotegemea jina moja unakuta orodha nzima.

Ukiiambia programu ipite njia ileile kwenye makabati yote, ikifika mahali droo haipo inaanguka na kazi yote inasimama. Wiki yangu ya kwanza ilianguka mara arobaini kwa siku moja. Nikachoka. Nikaongeza mstari mmoja tu: ukikosa droo yoyote njiani, usianguke, sema Hakuna, songa mbele. Tangu siku hiyo haikuanguka tena. Mkuu akanisifu mbele ya wageni, na mimi kichwa kikanivimba.

Miongoni mwa waliopata kikaratasi cha Hakuna alikuwemo mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Miaka thelathini na minane iliyopita alijifungua mtoto wa kwanza, na mtoto hakumaliza hata saa moja. Kisha yeye mwenyewe homa kali ikamzidi, akapoteza fahamu. Alipozinduka siku ya tatu wakamwambia ameshazikwa. Akauliza wapi. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine, mpaka wa kuulizwa wakaisha. Nilipoajiriwa kwenye ofisi hii alikuja wiki ya pili tu, amevaa nguo zake za kutokea, akanitajia tarehe. Nikabonyeza. Kikaratasi kikatoka. Alikikunja mara nne, akakitia kwenye pochi, akaniuliza kama nimekula. Hatukulizungumza tena kwa miaka mitatu.

Leo, Jumatatu, alirudi. Nilimwona mlangoni akipapasa fremu kabla ya kuingia. Macho yake yanazimika. Daktari alimwambia mwaka huu hautaisha akiwa bado anaona, na tangu aambiwe amekuwa akizunguka kutazama vitu: picha za ukutani, uso wangu, hata sahani. Kimebaki kitu kimoja ambacho hajakitazama. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatoa kile kikaratasi, kimechakaa kwenye mikunjo, akakiweka mezani kwangu.

"Hii Hakuna yako, mwanangu," alisema taratibu, "maana yake hayupo, au hamkumfikia?"

Mkuu wangu, ambaye hakujua tunazungumza habari gani, akacheka pale mezani kwake, akasema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mama mkubwa akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Huyu alikuwepo," akasema. "Nilimbeba miezi tisa."

Programu yangu ilikuwa na neno moja kwa mambo mawili tofauti kabisa. Asiyekuwepo ilimwita Hakuna, na yule ambaye ilishindwa tu kumfikia, naye ikamwita Hakuna. Mimi ndiye niliyeifundisha hivyo, ili niweze kunywa chai yangu bila usumbufu.

Nikaufuta ule mstari. Nikaandika mwingine: usifuate njia ninayoijua mimi, ingia kila droo, liwalo lolote jina lake, ukikuta kisanduku, kifungue, ukikuta orodha, ipitie yote, kimoja baada ya kingine, usiache mpaka kusiwe na cha kufungua tena. Na ukikuta mtu popote chini huko, niambie yuko ndani ya nani. Haikuwa hata mistari kumi. Saa nne asubuhi, mama mkubwa akiwa amekaa pembeni yangu na pochi mapajani, nikabonyeza.

Wa kwanza alitokea ndani ya kaburi la mshona nguo mmoja, mwanamke wa miaka hamsini. Kaburi, maelezo, mengineyo, na chini ya mengineyo droo ambayo sikuwahi kujua kuwa ipo. Bwana Nukta alikuwa ameipa jina: pamoja. Ndani yake mlikuwa na maneno haya: *Mtoto wa kike. Hajapewa jina. Ametoka wodi ya wazazi. Shuka jeupe.*

Kabla sijamaliza kusoma akatokea mwingine, ndani ya dereva. Kisha wawili kwa pamoja ndani ya mwalimu. *Mtoto wa kiume. Nywele nyingi. Mtoto wa kike. Amefungwa kwenye shati la baba yake.* Maandishi kwenye skrini yakaanza kupanda. Walikuwa wanatoka ndani ya wapishi, askari, mafundi bomba, ndani ya vikongwe wa miaka tisini, kila mmoja na nguo yake, kila mmoja na nukta yake mwishoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimepita juu yao kila siku kwa vidole hivi hivi, na nikawaambia watu hawapo. Mkuu alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na methali.

Programu iliposimama, hesabu ilikuwa mia sita na kumi na wawili.

Mkuu ndiye aliyempigia simu Bwana Nukta. Nilitegemea tutasikia mtu aliyekamatwa na kosa, lakini sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyengoja muda mrefu kuulizwa. Alieleza kwamba zamani mtoto wa namna hiyo alizikwa pamoja na mtu mzima aliyezikwa siku hiyo, kaburi moja. Yeye alikuwa akiandika aliyoyaona, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuyaandika. Kompyuta ilipokuja, ikamkatalia: asiye na jina haipokei.

"Sasa ningefanyaje?" alisema. "Nikawaweka palepale walipolala, ndani ya wenzao. Nilidhani atakayenifuata atafungua."

Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimshukuru.

Ilibaki tarehe ya mama mkubwa. Siku hiyo walizikwa watoto wawili, wote wa kiume, ndani ya watu wawili tofauti. Jina la mama halikuwepo kwa yeyote. Nilizisoma rekodi zote mbili kimya kimya, nikaona kilichoandikwa kwenye ya pili, nikaogopa kukisoma kwa sauti. Kama ningemtajia mimi, angeweza kukubali kwa sababu ya hamu tu. Basi nikamuuliza yeye kwanza alimvalisha nini.

Hata mama yangu mzazi hajawahi kulisikia hilo.

"Kofia," akasema. "Ya kijani, ya kufunika masikio. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kufuma, upande mmoja ukanizidi."

Ndipo nikamsomea, neno kwa neno, kama lilivyokaa kwenye skrini kwa miaka yote hiyo bila mtu wa kulifikia. *Mtoto wa kiume. Kofia ya kijani ya kufumwa kwa mkono. Sikio moja limezidi.*

Mama mkubwa hakulia. Aliniomba nisome tena, nikasoma. Akaomba mara ya tatu. Mkuu alikuwa amegeukia dirishani, anatazama ule ukuta wa jirani ambao hauna cha kutazamwa.

Mchana tulikwenda wote watatu. Mkuu alifunga ofisi, jambo ambalo halifanyi hata akiwa mgonjwa, na kwapani alibeba kitabu cha wageni. Ndani yake mna majina na simu za watu wote niliowapa Hakuna. Tumekwisha kubaliana kuwa kesho asubuhi tunaanza kuwapigia, mmoja mmoja, na maneno nitayasema mimi.

Kaburi ni la fundi saa aliyefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Liko mstari wa tatu, karibu na bomba la maji. Nilikuwa nimejiandaa kukuta majani marefu na jiwe lililolala, nikakuta pamefagiliwa. Kuna mtu wa fundi saa, mtoto wake au mjukuu, ambaye huja. Udongo ulikuwa umesawazishwa kwa mkono, na kwenye kopo lililofukiwa nusu mlikuwa na maua ambayo bado hayajanyauka.

Nilimweleza mama mkubwa ninachokiona, akanizuia kwa mkono: anataka kutazama mwenyewe. Akapiga magoti, akasogeza uso mpaka ukakaribia kugusa jiwe. Alilitazama herufi kwa herufi. Akatazama ufa mdogo ulioko pembeni, kopo, maua, mistari ya ufagio kwenye udongo. Alichukua muda mrefu sana na hakuna aliyemharakisha. Nilijua anapakariri, ili siku macho yakifunga awe napo.

"Miaka yote hii nilijua yuko peke yake," alisema, bila kutugeukia. "Kumbe alikuwa na mtu."

Nikamuuliza kama alimpa jina, maana sasa nimemfungulia droo yake mwenyewe na inangoja. Akasema alimpa, ile saa moja ilitosha. Akaninong'oneza sikioni, nami nitaliandika kesho, na halitajwi hapa kwa kuwa ni lake.

Tulipomsaidia kuinuka alikataa kuondoka mara moja. Alijifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akapangusa vumbi magotini, akasimama mbele ya lile jiwe kama anavyosimama mtu mlangoni kwa mwenyeji aliyemzidi umri.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Asante kwa kunikalia na mwanangu."