Nani Alimchinja Mbuzi wa Mama Ziro

Mimi simwamini mtu kwa chakula. Mama yangu alikuwa hivyo, na nyanya yangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuumwa tumbo karamuni. Kwa hiyo Kanze, jirani yangu Mgiriama, aliponialika Krismasi, nilimjibu inshallah kwa ile sauti ambayo kila Mwislamu anaijua maana yake.

Mume wangu Dukicha alikuwa amekaa palepale. "Jirani ana haki yake," akasema. "Maalim ametueleza. Hatuendi kusali sala zao, tunakwenda kula. Mtu habadilishi kibla kwa sahani ya wali."

"Watu huanza na wali," nikamwambia. "Mwakani utavaa kofia nyekundu ya Krismasi."

Mwaka uliotangulia alikwenda, nami nikamsema siku tatu, mpaka akawa anakunywa chai yake hotelini. Safari hii aliacha kubishana. Nikadhani nimeshinda.

Huku kwetu Garsen, Mkristo akitaka majirani Waislamu wale kwake, yeye hashiki kisu. Humwita Mwislamu amchinjie, na mchinjaji hujulikana, ili baadaye pasiwe na maneno. Tumeishi hivyo miaka yote, Wagiriama, Wapokomo na sisi Waorma. Basi asubuhi ya Krismasi nikachungulia juu ya ua. Mbuzi ametundikwa, ameshachunwa, na Kanze anaosha matumbo. Mchinjaji simwoni.

"Mama Ziro," nikamwita, "amechinja nani?"

Akainamia beseni lake. "Amechinja mtu wenu."

"Mtu wetu yupi?"

"Mtu wenu tu, Mama Dado. Utakuja kula?"

Mtu asiye na jina! Nikajitanda mtandio, nikaenda kwa maalim. Hakuchinja. Nikaenda kwa Omar mwenye bucha. Akaapa kwamba siku hiyo hajaitwa popote. Mwadhini naye alikuwa Ngao tangu jana yake, kumtazama mgonjwa hospitalini. Sasa kabaki nani? Kabaki Changawa, mumewe Kanze, na kisu cha jikoni. Nikawa nimepata jibu langu na, acha niseme kweli, nililifurahia.

Sikumwambia mtu. Niliwaambia watu sita.

"Mimi sijasema ni nyamafu," niliwaeleza kina mama wa mtaa. "Nasema tu, kamuulizeni amechinja nani." Wakaenda mmoja mmoja, na kila mmoja akarudi na jibu lilelile: mtu wenu. Kufikia adhuhuri Waislamu wa mtaa mzima walikuwa wamefunga milango yao, huyu ana homa, yule amefikiwa na wageni. Changawa alikuwa amekodi viti, amevipanga uani tangu asubuhi. Nikamwona anavipangua, akivibeba viwili viwili.

Alasiri Dukicha akarudi. Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kutazama ng'ombe. Nikamsimulia habari yote kwa raha zangu, na jinsi nilivyowaokoa watu. Uso ukamsawijika.

"Dahabo," akasema, "nimechinja mimi."

"Wewe?"

"Asubuhi na mapema, nilipotoka msikitini. Nikaenda zangu malishoni. Nilimwomba Mama Ziro asikutajie, wala asimtajie mtu mwingine, maana habari ingekufikia. Nilitaka kula kwa jirani yangu bila kusutwa siku tatu. Basi."

Nikakaa chini. Mwanamke yule alikuwa na neno moja tu la kuokoa karamu yake, na neno lenyewe lilikuwa jina la mume wangu. Wamemuuliza mtaa mzima, wamemwangalia kwa macho ya kumshuku, naye amelimeza. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Nikavuka ua. Kanze alikuwa anaifunika pilau kwa sinia. Sufuria ilikuwa imejaa, haijaguswa ila pembeni, walipokula watu wa nyumbani kwake.

"Mama Ziro, si ungesema tu ni Dukicha? Kwa nini ulinyamaza?"

"Shemeji aliniomba," akasema. "Nikaona heri pilau ilale kuliko nyumba yako iwake moto."

"Nisamehe, dada yangu. Kosa ni langu. Naenda kuwaita sasa hivi, nyumba kwa nyumba, na nitawaambia wote kwamba mwongo ni mimi."

"Waite."

Hakuniangalia. Nilipogeuka niende, akaniita kwa jina langu, si kwa jina la mwanangu kama siku zote.

"Dahabo. Tangu Ziro akiwa mchanga, maziwa nanunua kwako. Kila asubuhi unapita hapa na mtungi wako. Nimewahi kukuuliza umetia maji?"

Hajawahi kuuliza, hata siku moja. Na maji yamo. Kikombe kimoja kwa kila lita, na Ramadhani, wateja wakiwa wengi, kikombe na nusu.