Dawa ya Kuzubaa

Jina la Kasuku alipewa na baba yake, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la tatu alipomwita mama yake shuleni na kumwambia mtoto ni mzito wa kichwa, mama alidhani mwalimu amemchanganya na mtoto mwingine.

"Mzito? Huyu? Nyumbani hata nafasi ya kusema hatupati!"

"Njoo ujionee mwenyewe, mama."

Akamsimamisha nje ya dirisha la darasa. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, kila mmoja sentensi yake. Zamu ya Kasuku ikafika. Alianza vizuri, kisha akakatika katikati ya neno, macho ameyakodolea ukuta, akipepesa kope. Darasa likaangua kicheko. Baada ya muda mfupi akarudi, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

"Tumefika wapi?" akauliza. Wakacheka tena.

"Kutwa ndivyo alivyo, anazubaa tu," mwalimu akasema. "Nimemwadhibu mpaka nimechoka. Na mtihani ndio huo unakuja. Akifeli, anarudia darasa."

Mama alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo alirudi kazini akashona mkono wa gauni la mteja ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Jioni akaenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na meza ya dawa za miti shamba pembeni mwa soko. Watu walimwamini kwa mafua, kwa tumbo, kwa maumivu ya viungo.

"Wifi, yaani unakaa na jambo kama hili bila kuniambia?" wifi akamlaumu. Akainama chini ya meza akatoa chupa ya mafuta ya kahawia. Alipoifungua, harufu ya kafuri ikawapanda puani wote wawili. "Hii inafungua kichwa. Nusu kijiko asubuhi. Lakini usizidishe, ni kali."

"Haitamdhuru?"

"Mtoto wa kaka yangu, nimpe sumu? Hebu niondokee hapa!"

Wakacheka, mama akaondoka na chupa yake.

Kasuku aliichukia dawa hiyo tangu tone la kwanza. Mama akawa anambana pua na kummiminia, huku akimbembeleza: "Meza, mwanangu. Meza, utakuwa wa kwanza." Mchana mmoja mama alipomfuata shuleni, mwalimu akampungia mkono kutoka getini: leo amesoma ukurasa mzima! Mama alirudi nyumbani anaimba. Akajiambia kwamba kama nusu kijiko imefanya hivi, kijiko kizima je? Akaongeza. Mtihani ulipokaribia akampa asubuhi na jioni. Hakumwambia mumewe wala wifi yake.

"Mama, kichwa kinavuma."

"Ndiyo dawa inafanya kazi hiyo. Meza."

Asubuhi ya mtihani alimpa vijiko viwili. Kasuku aliinama mlangoni kufunga kamba za viatu, akaanguka kifudifudi. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kurukaruka sakafuni, povu likimtoka. Mama alimshika kichwa akasubiri atulie, hakutulia. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali, mama na chupa ya dawa mkononi, na walipofika mtoto bado alikuwa anatetemeka.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alifika na nguo zake za kazi, masizi usoni. Aliposikia habari ya chupa alimgeukia dada yake, aliyekuwa ameshafika analia, akamkunja ukosi.

"Umeniulia mtoto! Wewe na majani yako!"

"Kaka, nilimpimia! Nusu kijiko, nilimwambia nusu kijiko!"

Mama alisimama ukutani. Aliona wifi yake anatikiswa, na bado mdomo ulikataa kufunguka.

Daktari akatoka na chupa mkononi. "Amepewa kiasi gani? Nataka kujua sasa hivi, nipate kumtibu."

"Nusu kijiko," wifi akasema.

"Viwili," mama akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, akairudia. "Vijiko viwili leo. Jana pia nilizidisha. Ni mimi."

Mkono wa mumewe ukaachia ukosi. Hakumpigia mkewe kelele. Alimtazama tu, na mama angefurahi zaidi kama angempigia kelele.

Mtoto alipotulia, daktari aliwaeleza. Kule kuzubaa hakukuwa uvivu wala uzito wa kichwa. Kilikuwa kifafa, kile kisichomwangusha mtu bali humkatia fahamu kidogo kisha kikamrudisha. Kilikuwa na vidonge vyake, na watoto wengi hutulia navyo. Na kafuri iliyomo katika mafuta yale, ikinywewa, yenyewe huleta kifafa.

"Hata nusu kijiko?" wifi akauliza.

"Hata hiyo asingepaswa kunywa."

Wifi akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye njia ya machela.

Kasuku aliamka. Lakini maneno yalimjia mojamoja, na mengine hayakuja kabisa. Herufi alizozijua zilikuwa zimemtoka, rafiki yake alipokuja kumwona alimwita "wewe." Daktari alisema baadhi ya vitu vitarudi, ila vyote, hakuweza kuwaahidi. Mwalimu naye alikuja nyumbani, akasimama mlangoni hajui mikono aiweke wapi. "Sikujua ni ugonjwa," akasema. "Hata sisi," baba akamjibu, akamvutia kiti.

Vidonge vilimaliza kuzubaa, na vidonge hivyo Kasuku alivipokea kwa baba yake tu. Kwa mama hakupokea kitu, si kidonge, si maji, si chakula. Mama akimletea sahani, mtoto alikuwa anaziba pua kwa vidole vyake mwenyewe na kufumba mdomo mpaka midomo ikawa myeupe. Mama alionja mbele yake, akala nusu ya sahani, akachekacheka, akambembeleza. Mtoto alitikisa kichwa tu.

"Mpe muda," mumewe akamwambia.

Sasa baba akiwa kazini mchana, mama hupika, huweka sahani mezani, hutoka nje na kurudishia mlango. Huketi kizingitini na nguo ya mteja mapajani, asiishone, akisikiliza kijiko kinavyogonga sahani ndani.