Vijiti Sita vya Chapchap

Roketi ya fataki haina akili. Unaiwasha, inapanda, inakoelekea ni kazi ya kijiti kilichofungwa ubavuni mwake, na kijiti ni kazi yangu. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza ya kioo katika karakana ya baba, nachagua. Nabiringisha kijiti cha mwanzi juu ya kioo. Kikirukaruka, kimepinda, nakitupa. Kikienda vizuri nakishikiza kwenye roketi, kisha nakilaza juu ya kidole, nyuma kidogo ya mdomo wa roketi. Mkia ukiinuka, kijiti ni chepesi mno, roketi itayumba angani kama mlevi. Mkia ukizama, ni kizito, haitafika popote. Kikitulia, hicho ndicho. Vifundo vyake nimeshavikwangua kwa kipande cha chupa, kuelekea nchani, mpaka vikawa laini. Hakuna aliyenifundisha kukwangua hivyo. Ni mkono wangu tu.

Mdogo wangu tunamwita Chapchap. Kuchagua hajawahi kuweza, kwa sababu kunataka mtu akae kitako. Yeye ni wa mdomo: wateja, simu, vicheko. Kila akitaka vijiti anakuja kwangu, nami namchagulia, maana nilimbeba mgongoni kabla sijajua kusoma.

Safari hii mianzi ililetwa mbichi. Tuliianika darini wiki tano, na bado ilijipinda ovyo. Katika fungu la vijiti themanini nilipata tisa vya kuaminika. Tisa! Nilikuwa bado nimekunja uso Chapchap alipoingia asubuhi akipiga mluzi.

"Dada, nipe sita bora. Kuna mteja anakuja kutazama."

"Viko tisa tu."

"Si utabaki na vitatu? Dada yangu, usinibanie bwana."

Nikampa. Sita bora kabisa, nikavifunga na uzi juu.

Saa saba baba akatuita uani. Alisema kifua kimemchosha, anataka kupumzika, na karakana haiwezi kuwa na wakubwa wawili. Jioni ile kila mmoja wetu alete roketi sita kwenye kiwanja cha nyuma, na vijiti awe amevichagua mwenyewe. "Ambaye roketi zake zitapanda wima, ndiye bosi," akasema.

Nilimtazama Chapchap. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na hapo nikajua kwamba alikuwa na habari tangu asubuhi. Ningepiga kelele palepale. Sikupiga. Niliona aibu kumshtaki mdogo wangu mbele ya baba, basi nikarudi mezani kufukua vitatu zaidi katika vijiti nilivyokwisha kuvitupa. Nilifukua mpaka vidole vikavuja damu. Kilichopinda kimepinda.

Jua lilikuwa halijazama tulipokutana kiwanjani. Baba alipita kwenye roketi moja baada ya nyingine, akitelezesha vidole kwenye kila kijiti, cha Chapchap na changu, bila haraka. Roketi sita za Chapchap zikapanda, zote wima, zikapasuka juu kabisa. Nilizionea fahari, nikajichukia kwa fahari hiyo. Zangu nne zilikwenda vizuri. Ya tano ikayumba. Ya sita ikakata kona na kugonga bati la jirani, mbwa akabweka mtaa mzima ukasikia.

"Karakana ni yake," baba akasema, akampa Chapchap funguo.

Nikamfuata baba chumbani.

"Baba, vile vijiti ni vyangu. Vyote kumi na viwili."

Alikuwa amekaa kitandani anavua viatu. "Najua."

"Unajua?"

"Vifundo vimekwanguliwa kuelekea nchani. Nani mwingine humu anafanya hivyo?"

"Sasa kwa nini, baba?"

"Nikikupa wewe, mwenzako ataondoka, na wateja atakwenda nao. Nikimpa yeye, wewe utabaki." Akaweka viatu chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine. "Wewe huwezi kuiacha ile meza, mwanangu."

Aliyasema kwa upole. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumatatu Chapchap alikuja na funguo zikining'inia kiunoni, akaniwekea fungu jipya mezani. "Dada, nichagulie. Jumamosi tuna shughuli kubwa." Hata macho hakuyakwepesha tena.

Tangu Jumapili nilikuwa nimeshaamua: nampa vilivyopinda. Roketi zimwendee kombo mbele ya watu wote, aumbuke, na baba aumbuke naye. Nikachukua kijiti cha kwanza, nikakibiringisha, kikarukaruka. Nikakiweka upande wa vizuri.

Nilikitazama muda mrefu. Nilijiambia kiache hapo, mwanamke, kiache. Mkono ukanyooka wenyewe, ukakitoa, ukakitupa kapuni. Nikajaribu cha pili, nikajaribu cha tatu. Kila nilichokiweka kwa makusudi nilikitoa kabla sijahesabu hadi kumi.

Kufika adhuhuri nilikuwa na vijiti arobaini vilivyonyooka. Baba alipita mlangoni, akachungulia lile fungu, akaendelea na safari yake. Nilimchukia kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikachukua kijiti cha arobaini na moja.