Sufuria Moja ya Gurmel

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa kwenye simu. Ulikaa meza ya tatu, kantini ya walinzi, Jebel Ali huku ugenini, na Gurmel mpishi wetu alipotafuta wa kusimama naye, wewe ulikuwa ukifuta kwa chapati sahani iliyokwisha kuwa nyeupe.

Miaka tisa mzee huyu ametupikia dal, zile dengu nyeusi za Kipunjabi. Kwao mama yake alifukia chungu katika majivu ya tanuri jioni, asubuhi dengu zimelainika zenyewe. Na katika hekalu la Makalasinga watu hula sakafuni, mkeka mmoja, tajiri na mfagiaji, sufuria moja. Alitueleza haya akikoroga. Ulisikia, maana ulikuwa unaongezwa. Ile Ramadhani uliyoshikwa na homa, nani alikuletea daku chumbani, naye hata hafungi? Umesahau. Mimi sisahau.

Akaja Teresiah, msimamizi, ambaye juzi tu alipanga foleni nasi. Akaagiza sufuria mbili: ya siagi na krimu kwa wasimamizi, ya maji maji kwa walinzi.

Jumatatu Gurmel alizipika zote mbili. Kisha mbele yetu akaimimina ya wakubwa ndani ya yetu, akakoroga taratibu.

“Mzee, nilisema sufuria ngapi?” Teresiah akauliza.

“Mbili, madam.”

“Naona ngapi?”

“Moja. Zimeoana.”

“Khalas, basi,” akasema Lukman, yule Mganda wa geti la nne, “leo hata mimi msimamizi.”

Tukacheka. Nawe ulicheka, mdomo umejaa.

“Nani mwingine anataka sufuria moja? Asimame,” Teresiah akasema.

Kicheko kikakatika. Mimi pia sikusimama, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Sasa barua ya mashtaka inasema Gurmel alimwaga chakula cha kampuni kwa hasira. Uongo. Hakuna punje iliyogusa sakafu. Tuliila dal yote, wewe ukaramba vidole. Leo saa kumi anaitwa ofisini. Akikosa mashahidi, viza inafutwa, anapandishwa ndege na mvi zake, na kesho sufuria ni mbili.

Nimeandika jina langu na nambari ya beji. Lukman naye. Karatasi iko mlangoni pa chumba cha pili, kalamu imefungwa kwa uzi. Inuka sasa hivi. Nawa mikono, andika lako, na saa kumi uingie ofisini useme ulikula nini.