Gari la Matairi Manne Kasoro Moja

Haya nimeelezwa na mdogo wangu, Jumatano ya juma lililopita, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya macho tukisubiri namba yangu iitwe. Namba yangu ilikuwa themanini na mbili, na wao walikuwa ndio kwanza wanaita arobaini. Kwa hiyo alieleza bila haraka, na mimi nimeandika vivyo hivyo.

Mume wake, yaani shemeji yangu, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na kwenye maghala na sanduku la mawe ya shaba, kila jiwe limelala kwenye kishimo chake cha kitambaa. Anaweka jiwe kwenye mizani ya mwenye duka, anainama, anaangalia mshale. Mshale ukisimama sawa, anagonga mhuri. Ukipinda hata upana wa unywele hagongi, uwe nani. Miaka thelathini na minne. Wenye maduka hawakumpenda, lakini hakuna aliyewahi kusema huyu mtu anapokea chochote. Mdogo wangu anasema hata nyumbani ukimwambia akuongezee maji kidogo kwenye birika, anauliza kidogo kiasi gani.

Sasa kwenye ghala moja mhandisi fulani aliyehama aliacha gari lake chini ya turubai. Kila mwaka shemeji akienda kupima mizani ya magunia, akishamaliza anafunua turubai, anatazama, anafunika, anaondoka. Miaka kumi na mmoja. Akastaafu, na mwaka mmoja baadaye alipopita tena kuchungulia, mwenye ghala akamwambia, "Mzee, nimechoka kukuona unachungulia hapo kama mtu na mchumba wake. Hebu muoe." Wakaelewana, akalichukua.

Lilikuwa gari la spoti, la kijani, pua ndefu kama kiatu cha bwana harusi. Halina paa, halina milango, viti viwili tu. Na matairi yake yalikuwa matatu: mawili mbele na moja nyuma, katikati. Halikukatika kitu wala halikupata ajali. Ndivyo lilivyotoka kiwandani.

Nilimuuliza mdogo wangu, kuwa na gari kama hilo kukoje?

"Dada," akasema, "kwanza ni kuingia. Unapanda kwenye kiti kwa miguu, unashika kioo, halafu unajiteremsha kama unaingia kwenye pipa. Kutoka lazima mtu akushike mikono miwili akung'oe kama msumari. Ukishakaa, unaona magoti ya watu na nyuso za mbwa. Lori likipita, matairi yake yanakupita sikioni. Mvua ikinyesha, inakunyeshea mapajani."

Halafu mashimo. Mwenye gari la kawaida akiona shimo analiweka katikati, matairi yanapita huku na huku. Wao wakiliweka katikati, yale mawili ya mbele yanapita salama, la nyuma linatumbukia. Wakilikwepa kwa la nyuma, moja la mbele linaingia. Mdogo wangu akajifunza kukaa ameshika ubao wa mbele, akiona shimo anapiga kelele, "La tatu! La tatu!" na mumewe anakata usukani.

Mtaani wakampa shemeji jina. Wakamwita Robo Tatu.

"Robo Tatu! La nne umelila?"

"Mama, kaa katikati hapo, lisije likalala ubavu!"

Na yule wa kituo cha mafuta, kila Jumamosi bila kukosa: "Shikamoo mzee. Nijaze tangi, au nijaze robo tatu?"

"Marahaba. Jaza mpaka lijae," shemeji anajibu, kama vile hakusikia utani. Mdogo wangu kwa aibu anajifunika mtandio mpaka kwenye pua.

Lakini aibu ilimwisha, na sababu ndiyo hii. Tangu astaafu, shemeji alikuwa hasemi. Hakuwa amekasirika wala hakuwa mgonjwa, alinyamaza tu. Asubuhi anakaa kwenye kiti, mikono magotini, mpaka jua linahama kutoka dirisha hili kwenda lile. Ukimuuliza neno anajibu neno. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na shughuli zake, kwa hiyo nyumba nzima mdogo wangu alikuwa anaongea na sufuria. Mle garini sasa, ile injini inanguruma huwezi kunong'ona. Ukitaka kusema lazima upige kelele. Na shemeji alipoanza kupiga kelele, maneno yakatoka. Kila Jumamosi walikwenda barabara ya bwawa na kurudi, na njia nzima mtu anaongea. Alimweleza maduka aliyoyafunga, mtu aliyemfukuza na rungu, mizani iliyokuwa na sumaku chini ya sahani. Jumamosi moja, bila kugeuka, akasema kwa sauti kubwa kama mtu anayeuliza bei sokoni:

"Yule wa kwanza leo angekuwa na miaka arobaini na mmoja!"

Mtoto wao wa kwanza alikufa ana siku tisa. Tangu siku ya kumzika, shemeji hakuwahi kumtaja.

"Nikamjibu, najua!" mdogo wangu akaniambia pale kliniki. "Nikapiga kelele na mimi: Najua! Arobaini na mmoja na miezi miwili! Tukaendelea kumzungumzia mpaka bwawani. Dada, miezi saba ile nilisikia mambo ya ndoa nzima. Wengine wanatucheka, mimi nahesabu siku Jumamosi ifike."

Basi ikatoka amri mpya kwamba magari yote yaandikishwe upya. Fomu zikaletwa. Shemeji akakaa mezani na kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ikiwa ile ya kwanza itakwisha wino. Jina la mwenye gari, akaandika. Rangi, akaandika. Akafika palipoandikwa: Idadi ya matairi. Akasimama, akatoka nje. Mdogo wangu akamwona kupitia dirishani analizunguka gari, anagusa tairi moja moja. Akarudi, akaandika: Manne.

"Baba, matatu," mdogo wangu akamwambia.

"Yako manne. Matatu na la nyuma ya kiti."

"Lile ni la akiba."

"La akiba si tairi? Wameuliza matairi. Hawakuuliza yanayogusa chini. Mimi siandiki pungufu."

"Ndiyo maisha yake yote hayo, dada," mdogo wangu akaniambia. Mtu anayeandika pungufu alikuwa anamfungia duka. Akatia saini, akaipeleka mwenyewe.

Mwezi uliofuata wakaitwa kwenye ukaguzi. Ni uwanja wa saruji wenye mistari ya njano, na mkaguzi wa magari ni kijana mpole mwenye kitambaa cha kufutia jasho shingoni. Akalizunguka lile gari la kijani mara mbili, anatazama karatasi, anatazama gari.

"Mzee wangu, la nne liko wapi?"

"Hilo hapo nyuma ya kiti."

"Hiyo ni spea, mzee."

"Spea ni nini?"

"Ni tairi la... ni spea."

"Umesema ni tairi."

Kijana akacheka, akamwangalia mdogo wangu kama anayeomba msaada. Kisha akaacha kucheka, akawaeleza polepole, na mdogo wangu alinisimulia maneno yake kama aliyasoma jana. Kwenye kompyuta gari hili lina manne. Yeye ameona matatu. Maana yake limeondolewa moja, na gari lililoondolewa tairi haliruhusiwi kuingia barabarani.

"Basi andika matatu," shemeji akasema. "Kama neno lenu ni hilo, nimekosea, nakubali. Futa."

"Ungeandika matatu siku ile, mzee, lingepita na magari ya zamani, vilevile lilivyo. Muda wa kuandikisha magari ya zamani umekwisha. Sasa kubadili ni kuandikisha upya. Na kwa sheria mpya, matairi matatu ni jamii ya pikipiki. Una leseni ya pikipiki?"

"Lina usukani wa duara. Umeuona?"

"Nimeuona mimi. Kompyuta haioni usukani, inahesabu matairi."

Leseni ya pikipiki! Mtu wa miaka sitini na tisa ambaye hata baiskeli hajawahi kupanda. Na mkaguzi akawaambia na la mwisho, kwa sababu hakutaka waende wakisumbuka bure: mtu akishatimiza sabini haanzishiwi leseni ya pikipiki. Shemeji alikuwa amebakiza wiki tisa.

Nikamuuliza mdogo wangu, hamkuweza kumpata kijana mwenye leseni awaendeshe? Akanitazama kama nimesema neno la mtoto. "Viti viwili, dada. Akiendesha mwingine, mimi nakaa wapi? Na mimi mwenyewe, kwa magoti haya, pikipiki siiwezi."

Basi shemeji akaenda shule ya udereva. Mwalimu wa pikipiki alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye kofia nyekundu ya kuendeshea ambayo haivui hata akinywa chai. Alimtazama shemeji toka juu mpaka chini.

"Baba yangu, umetumwa na nani? Wajukuu wamekushinda?"

"Nina gari la matairi matatu."

"Aa, kwa hiyo umekuja kupunguza liwe mawili!"

Lakini alimfundisha kwa moyo. Uwanjani walipanga chupa za plastiki zilizotiwa mchanga, na mtu anatakiwa azizunguke kama anaandika tarakimu ya nane, bila kugusa chupa, bila mguu kugusa chini. Shemeji alianguka siku ya kwanza mara sita. Mdogo wangu alikuwa anakaa pembeni kwenye tofali na chupa ya maji na dawa ya kuchua. Usiku anamkanda nyonga. "Baba, basi tuache," anamwambia. Anajibu, "Bado." Neno moja tu. Kule kuongea kwao garini kulikuwa kumekwisha, gari limekaa uani chini ya turubai jipya, na ndani ya nyumba kimya kimerudi kama maji kwenye shimo.

Mtihani wa kwanza aliangusha chupa mbili. Wa pili pikipiki ilizimika kwenye kona ikamlalia, akavimba kifundo cha mkono. Wa tatu ulikuwa siku nne kabla hajatimiza sabini. Baada ya hapo hakuna tena.

Siku hiyo aliendesha. Mdogo wangu anasema hajawahi kuona kitu kama kile. Mgongo umenyooka, macho mbele, akaizunguka nane ya kwanza taratibu kama mtu anayebeba mayai. Akaingia ya pili. Kwenye kona ya mwisho pikipiki ikayumba, akashusha mguu wa kushoto, soli ikagusa, tik, akaurudisha. Akamaliza, akasimama kwenye mstari. Chupa zote zimesimama.

Yule mtahini alikuwa ameinama anaandika jina la mtu mwingine. Hakuona. Aliinua kichwa, akaona chupa zote wima na mzee amesimama kwenye mstari, akatabasamu. Mwalimu mwenye kofia nyekundu alikuwa ameona, na mdogo wangu alikuwa ameona. Walitazamana wale wanawake wawili.

"Hongera mzee," mtahini akasema, na kalamu imeshafika kwenye karatasi.

"Mguu wangu uligusa," shemeji akasema.

"Nini?"

"Kona ya mwisho. Mguu wa kushoto uligusa chini."

Mtahini akamtazama. "Mimi sikuona, mzee."

"Mimi nimeuhisi."

Mwalimu akaruka, "Mheshimiwa, huyu mzee jua limempiga, usimsikilize!" Lakini mtahini alikuwa mtu mzima, na nyuma kulikuwa na watu kumi na tano kwenye foleni, wote wamesikia. Angefanyaje? Akaandika alichoambiwa.

Njiani kwenda nyumbani, kwa miguu, mdogo wangu alikuwa wa kwanza kusema.

"Nani alikuuliza?"

Shemeji akaendelea kutembea.

"Nakuuliza, baba. Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Umenipunja," akamwambia. "Watu wote hujawapunja, umekuja kunipunja mimi."

Anasema alitamani alivute lile neno alirudishe mdomoni, maana shemeji alisimama njiani kama mtu aliyepigwa. Magari yakapita, mtu na toroli akapita. Kisha wakaendelea kutembea.

Baada ya wiki moja mdogo wangu alijaribu jambo. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Akatoa turubai mwenyewe, akapanda kwenye kiti chake, akajiteremsha. Akamwita. Shemeji akaja, akaingia upande wake.

"Washa."

"Hatuendi popote."

"Najua. Washa tu."

Akawasha. Injini ikanguruma uani, vyombo vikatetemeka jikoni. Mdogo wangu akamgeukia, akapiga kelele: "Haya, sema!"

Shemeji akatazama ukuta wa ua uliokuwa mbele ya pua ya gari, hatua mbili tu. Akautazama muda mrefu, mikono kwenye usukani.

"Niseme nini?" akauliza, na akazima.

Walikaa mle mpaka kivuli cha ukuta kikawafunika. Mdogo wangu akatoka peke yake, akajivuta kwa viwiko, kisha akamshika mumewe mikono miwili akamtoa. Wakaingia ndani. Hakuna aliyetaka kula. Shemeji akalala kitandani na nguo zake, uso umeelekea ukutani, jua bado liko dirishani, na baada ya muda mfupi pumzi zake zikawa nzito.

Mdogo wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na viatu mkononi. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na hakuwa na pa kuyasemea. Akaweka viatu chini, akajinyoosha nyuma ya mgongo ule, akangoja labda atageuka. Hakugeuka. Chumba kikaingia giza kidogo kidogo, na yeye naye usingizi ukamchukua.